Punda Aliyevunjika Taya: Jinsi ya Kumlisha Hata Apone

Waswahili wana methali mbili mashuhuri juu ya punda, na zote mbili hazimpi heshima. Ya kwanza yasema, "Asante ya punda ni mateke." Ya pili yasema, "Punda afe, mzigo wa bwana ufike." Leo napenda kuwasimulia wasomaji habari za punda mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, ambaye methali ya kwanza ilimwumiza na methali ya pili nusura imwue. Lakini hakufa, na sababu kubwa ya kupona kwake ilikuwa chakula. Kwa kuwa wako wengi wenye punda, na wachache wenye farasi, ambao hawajui la kufanya mnyama wao akiumia kinywa, nimeona ni vema nilieleze jambo hili hatua kwa hatua.

Asiyeujua Mji wa Kale huenda akauliza: punda wa nini katika mji wenye malori, pikipiki na tuktuk? Jibu limo katika njia zenyewe. Ukitoka Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, ukaifuata Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, kisha ukaingia vichochoro vya Kibokoni na Kuze, utaona mahali pengi ambapo watu wawili wakipishana hugusana mabega. Lori haliingii. Mkokoteni huingia kwa taabu. Maji yakikatika katika mifereji, mwenye nyumba iliyo ndani ya kichochoro hana budi kumngoja mchukuzi na mitungi yake ya lita 20. Ni kweli kwamba kisiwani mikokoteni ya kusukumwa na watu ni mingi kuliko punda, lakini punda wangalipo, na mwenye punda ana riziki.

Farasi ni habari nyingine. Zamani hawakudumu katika nchi za pwani na nyika yake, maana mbung'o huwatia ugonjwa uwauao upesi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa wa Mombasa hawakupanda magari ya farasi kama watu wa miji ya Ulaya, bali vigari vidogo vilivyokwenda juu ya reli, vikisukumwa na watu. Punda naye hupatwa na ugonjwa huo wa mbung'o, lakini huustahimili zaidi. Basi kazi iliyomshinda farasi ilimwangukia punda.

AJALI YA USIKU

Katika mwaka wa 2019 jirani yangu mmoja, mzee wa makamo ya miaka sitini na kitu, alikuwa na punda majike wawili waliokua pamoja tangu udogo wao. Kwa punda hao aliwapelekea watu maji na mchanga wa kujengea, na kwa mapato yake wajukuu watatu walikuwa wakisoma. Jioni moja kijana wake aliwamwagia pumba katika karai moja badala ya mawili. Wakagombana, na mmoja akampiga mwenziwe teke la kinywa.

Asubuhi yule aliyepigwa alionekana amesimama pembeni, udenda uliochanganyika na damu ukimtiririka. Meno yake ya mbele ya taya la chini yalikuwa yamelala upande, na ufizi umepasuka. Aliyaendea majani, akayagusa kwa mdomo, akarudi nyuma. Akafanya hivyo mara tatu, kisha akaacha.

Mpwa wa yule mzee, ambaye ndiye aliyekuwa akiwaongoza njiani, akasema, "Ami, huyu keshakwisha. Tumwuze leo angali hai. Wanunuzi wapo."

Maneno hayo hayakuwa ya bure. Tangu mwaka wa 2016 serikali ya Kenya ilikuwa imeruhusu machinjio ya punda, hata yakafika manne, na ngozi zao zilipelekwa Uchina kutengenezewa dawa. Punda wakaibwa usiku katika sehemu nyingi za nchi, na bei yao ikapanda. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka wa 2009 ilionyesha punda kama milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka wa 2019 ilionyesha kama milioni 1.2 tu.

Mzee akafikiri kwa muda, kisha akajibu, "Mwanangu, bei ikipanda kwangu mimi ninayeuza, imepanda pia kwangu mimi nitakayenunua. Nikimwuza huyu mgonjwa kwa bei ya mgonjwa, nitampata wapi mzima? Kwanza tumwite daktari."

MAAGIZO YA DAKTARI

Daktari wa mifugo aliyekuja alikuwa binti wa miaka isiyozidi thelathini. Akamwamkia mzee, "Shikamoo, mzee wangu," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Niambie kweli: ataishi?"

Daktari akampima punda, akamwangalia macho na ufizi, akamtia dawa ya kumtuliza na ya kuua maumivu, ndipo akafungua kinywa. Akasema, "Mzee, mfupa umevunjika mbele tu, mahali pa meno ya kukatia majani. Magego yake ya nyuma ni mazima. Mahali hapa pana damu nyingi, na kwa hiyo hupona vizuri. Mimi nitayafunga meno kwa waya wa chuma usioshika kutu, nao utaushika mfupa kwa muda wa majuma sita hata manane. Lakini waya hauponyi punda mwenye njaa. Kazi hiyo ni yako."

Kisha akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda. Wasomaji wauangalie vema ugonjwa huu, maana jina lake lenyewe latuonya. Punda na farasi hushikwa upesi mno na pepopunda, na vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Jeraha lolote la punda, hata likiwa dogo, ni mlango wa ugonjwa huo. Mwenye punda asingoje apate jeraha. Amwombe daktari amchanje mapema.

KWA NINI NJAA HUMWUA PUNDA UPESI

Watu wengi hudhani kwamba punda, kwa kuwa ni mvumilivu, aweza kukaa siku tatu au nne bila kula na asidhurike. Hili ni kosa kubwa. Punda asipokula, mwili wake huanza kuyayeyusha mafuta yaliyowekwa akiba na kuyamwaga katika damu. Mafuta hayo yakizidi, huliziba ini na kuharibu figo, na punda hufa. Punda mnene, punda mwenye mimba na anyonyeshaye wamo katika hatari zaidi.

Dalili ya kwanza ni ndogo, nayo ni ukimya. Punda huinamisha kichwa, hasogei, hataki chakula. Mwenyewe husema, "Amepumzika," kumbe anaondoka. Kwa sababu hiyo, punda aliyeacha kula siku nzima si wa kungojewa kesho. Daktari aitwe siku ile ile.

CHAKULA CHENYEWE

Asili ya chakula cha punda ni majani. Pumba na vyakula vya nguvu ni nyongeza tu. Punda wa kilo 150 ahitaji kiasi cha kilo mbili hadi mbili na nusu za chakula kikavu kwa siku. Aliyeumia taya ahitaji kiasi hicho hicho, ila hawezi kukikata wala kukitafuna sana. Basi mtu lazima afanye kwa kisu kazi ambayo meno hayawezi kuifanya.

Mzee alipata ukoka mbichi kutoka bara, uliovushwa kwa feri ya Likoni katika magunia, pamoja na majani makavu kidogo. Yote yalikatwakatwa mafupi sana kwa panga kali juu ya ubao, yasizidi urefu wa kucha ya kidole. Majani makavu yalirowekwa katika maji safi hata yakawa laini kabisa. Juu yake aliongeza konzi chache za pumba za ngano, mashudu ya nazi yaliyolowa vizuri, na chumvi kidogo. Akavuruga vyote kwa maji ya uvuguvugu mpaka vikawa kama uji mzito. Daktari alimfundisha kipimo rahisi: tia mkono, kamua, ukihisi kitu kigumu kinachochoma kiganja chako, kitachoma na ufizi wa punda.

Mashudu ya nazi ni chakula kizuri kwa punda na farasi, na sisi watu wa pwani tunayo karibu. Yana nguvu na mafuta, nayo hulainika upesi majini. Lakini yawe mapya. Yakinuka uchungu au yakiota ukungu, yatupwe. Karoti zilizokunwa kwa mbuzi ya nazi, au ndizi mbivu iliyopondwa, huweza kutiwa kidogo ili kumvuta punda aonje. Zisiwe nyingi, kwa maana utamu mwingi huleta msokoto wa tumbo.

Chakula hicho aligawa mara sita kwa siku, kidogo kidogo, tangu alfajiri hata baada ya sala ya isha. Kilichobaki kwa muda wa saa mbili kilimwagwa na karai likaoshwa, kwa sababu joto la Mombasa huchachusha chakula cha maji upesi. Karai lenyewe lilikuwa pana na lisilo na kina, likawekwa chini, ili punda aweze kuchota kwa midomo bila kugonga taya. Kando yake palikuwa na maji safi wakati wote, maana punda mkavu huziba tumbo.

Baada ya kila mlo kinywa kilisafishwa kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye kijiko kidogo cha chumvi kwa kila nusu lita. Maji hayo yalipitishwa taratibu pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa kimeinama, hata masalio ya chakula yaliyonasa katika waya yakatoka. Chakula kikiozea hapo, jeraha huoza nacho.

SIKU YA TATU

Siku mbili za kwanza punda alikula kidogo. Siku ya tatu akakataa kabisa. Chakula kilikuwa kile kile, laini na safi, lakini yeye aliugeukia ukuta na kusimama kimya. Mpwa akasema, "Ami, si nilikwambia?" Mzee hakujibu. Aliketi juu ya debe tupu akimtazama punda, naye alijua kwamba siku ya kufanya hesabu imekaribia.

Daktari alipofika jioni, hakuanza kwa kuangalia waya. Aliuliza, "Mwenziwe yuko wapi?"

"Nimempeleka Majengo kwa ndugu yangu," mzee akajibu. "Yeye ndiye aliyempiga. Nimeogopa asimpige tena."

"Mzee wangu, hawa wamelala pamoja maisha yao yote. Ulipomwondoa yule, huyu ameingiwa na huzuni, na huzuni humnyima punda chakula kama maumivu yamnyimavyo. Mrudishe usiku huu. Mfunge karibu, waonane na kunusana, lakini asiweze kumfikia kwa teke."

Daktari alimpa punda dawa zaidi ya maumivu, akampitishia mpira puani mpaka tumboni, akammiminia chakula cha majimaji ili ini lisidhurike usiku ule. Na hapa nataka kuonya: kazi ya mpira ni ya daktari peke yake. Wako watu wanaomwinua punda kichwa na kummiminia uji kwa chupa. Uji huo huingia mapafuni, na punda aliyekuwa na taya bovu hufa kwa mapafu.

Yule wa pili aliletwa kwa miguu kutoka Majengo saa tatu usiku. Alipoingia uani akalia kwa sauti iliyowaamsha majirani. Mgonjwa akageuka kutoka ukutani, masikio yakasimama. Wakanusana kwa muda mrefu juu ya ubao uliowatenga. Saa sita ya usiku mzee alisikia sauti ya midomo ikichota karai. Aliniambia kwamba alikaa gizani pasipo kuwasha taa, asije akamshtua.

VITU VYA KUEPUKA

Wenye punda mjini yawapasa kuyajua mambo yafuatayo, kwa maana tamaa ya chakula rahisi ni kubwa.

Kwanza, chakula cha kuku cha dukani. Baadhi ya vyakula hivyo hutiwa dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuharisha wa vifaranga, na dawa hiyo, ambayo haimdhuru kuku, huharibu moyo wa punda na farasi. Kiasi kidogo tu huweza kuua.

Pili, mahindi au pumba zenye ukungu. Sumu ya ukungu wa mahindi huharibu ubongo wa farasi na punda. Mnyama huzunguka, hugonga kuta, na mara nyingi haponi.

Tatu, takataka za jalalani. Ijapokuwa serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017, plastiki za namna nyingine zingalipo majaani, na punda mwenye njaa huzimeza. Hukaa tumboni na kuziba matumbo.

Nne, chakula kikavu kilichosagwa au kushindiliwa, kisipolowekwa. Mate ya farasi na punda hutoka wakati wa kutafuna; asiyetafuna vizuri hana mate ya kutosha, na chakula kikavu humkwama kooni. Kokwa za maembe nazo ni hatari vivyo hivyo.

KURUDI KAZINI

Waya uliondolewa baada ya majuma saba. Hata hivyo punda hakurudishwa kazini siku ile. Mzee aliongeza majani marefu kidogo kidogo, huku akitazama mambo matatu. Alitazama chini ya karai: matonge ya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa ni alama ya maumivu. Alitazama mavi: yakiwa na nyuzi ndefu, kutafuna bado si kuzuri. Na kila Ijumaa alimzungushia kamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, akapiga fundo mahali pa kukutania. Katika majuma mawili ya kwanza fundo lilirudi ndani, punda alipokonda, baadaye likasimama, kisha likatoka nje tena. Kwa kamba ile isiyo na thamani alijua uzito wa punda wake ulikuwa unaongezeka au unapungua, bila mizani.

Mzigo wa kwanza ulikuwa mitungi miwili tu, kwa njia fupi. Kamba ya kichwani ilifungwa kwa namna isiyogusa taya. Na tangu siku ile uani mwa mzee mna makarai mawili, kila moja katika pembe yake, kwa sababu ajali yote ilianzia katika karai moja.

Wasomaji huenda wakauliza gharama. Zilikuwa kubwa kwa mtu wa kipato chake, na katika miezi ile miwili punda mmoja ndiye aliyefanya kazi, kwa mzigo wa mmoja wala si wa wawili. Mzee alikopa kwa ndugu, akalipa polepole. Lakini angemwuza, angeingia mwaka wa 2020 akiwa na punda mmoja asiye na mwenziwe. Mwezi wa Februari mwaka ule serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri ile. Na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Sheria zaweza kuja na kuondoka, lakini mwenye punda mmoja hapati wa pili kwa sheria.

Wala tusisahau kwamba kumtunza mnyama mgonjwa si hisani tu. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, humhesabu kuwa mkosaji amfanyizaye kazi mnyama asiyefaa kwa kazi kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Ndugu zetu wa Lamu, ambako punda ni wengi kuliko magari, wana bahati ya kuwa na kituo cha kutibu punda tangu mwaka wa 1987. Sisi wa Mombasa hatuna budi kumtafuta daktari wa mifugo wenyewe, na kumtafuta mapema.

Nilipomwuliza yule mzee neno gani angependa kuwaambia wenziwe wenye punda, alikuwa akikatakata ukoka, na hakuacha kukata. Akasema, "Waambie hivi: methali ile ya punda kufa na mzigo kufika ilitungwa na mtu aliyekuwa na punda wengi. Mimi ninao wawili."